Maji Salama kwa Chatu, Kobe na Kinyonga: Mwongozo Kamili wa Mfugaji

Maswali yanayonifikia kutoka kwa wafugaji wa reptilia, yaani watambaazi, yanafanana mno. Chatu amejivua gamba vipandevipande, kobe macho yamezama, kinyonga amekufa huku bakuli la maji limejaa chini yake. Na kila mmoja huniambia jambo lilelile: "Maji nampa kila siku."

Ninawaamini. Lakini bakuli kujaa si ushahidi kwamba mnyama amekunywa, na maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni masafi. Mara nyingi maji yalikuwa salama yalipotoka bombani, yakaharibikia bakulini. Mara nyingine yalikuwa salama hadi mwisho, ila mnyama hakujua kwamba pale pana maji. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili.

Neno moja kabla ya kuanza. Sheria za wanyamapori za Tanzania (2009) na Kenya (2013) hazikuruhusu kuokota kobe au chatu porini ukamfuga bila kibali. Kama huna kibali, anzia huko. Na nyoka mwenye sumu si wa kufuga nyumbani, humu simzungumzii.

## Vifaa utakavyohitaji

- Mabakuli mawili kwa kila mnyama, yanayofanana. Moja liko kazini, jingine linaoshwa na kukauka.
- Kisahani kipana cha kuwekea chungu cha maua, kwa ajili ya kobe.
- Chupa ya kupulizia maji na kopo la plastiki lenye mfuniko, kwa ajili ya kinyonga.
- Ndoo au dumu lenye mfuniko la kuhifadhia maji ya mnyama peke yake.
- Beseni, brashi na sponji ambavyo havitaingia jikoni kamwe.
- Sabuni ya kawaida ya vyombo, na jiki isiyotiwa manukato.
- Kipimajoto, na mzani wa jikoni unaosoma gramu.

Usinunue vitamini za kuchanganya na maji. Reptilia hawanywi kwa kipimo cha kila siku, kwa hiyo huwezi kujua amepata kiasi gani, na maji yenye vitamini na sukari hustawisha bakteria upesi.

## Hatua ya 1: Yajue maji unayotumia

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo hapafai kurukwa. Maji ya bomba, ya kisima cha pwani, ya boza na ya mvua kila moja yana shida yake, na dawa ya shida moja huweza kuzidisha nyingine.

Maji ya bomba. Katika miji yetu hutiwa klorini. Kiasi kinachomfaa binadamu hakitamuua chatu wako, na ningependa tuache kuisingizia klorini kila ugonjwa. Kinachonitia wasiwasi ni tangi. Maji yetu mengi hayatoki bombani moja kwa moja. Hukaa kwenye simtanki siku kadhaa, klorini ikapungua, na kama tangi lina matope chini au mfuniko uko wazi, bakteria hurudi. Kama hukumbuki tangi lako lilioshwa lini, yachukulie maji yake kuwa ya kuchemshwa.

Kisima cha pwani. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja visima vingi vina chumvi. Chumvi humkausha mnyama badala ya kumnywesha, na mzigo wote huishia kwenye figo. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapopungua sufuriani, chumvi iliyobaki huzidi makali. Chemsha kidogo, poza, onja. Ukihisi chumvi, tafuta maji mengine kwa ajili ya mnyama.

Maji ya floridi. Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo ya Bonde la Ufa kama Nakuru wanaijua kwa rangi ya kahawia kwenye meno. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita kwa binadamu. Floridi nayo haiondoki kwa kuchemsha. Kichujio cha mkaa wa mifupa huipunguza, na maji ya mvua kwa kawaida hayana tatizo hilo.

Maji ya mvua. Ni mazuri sana, hasa kwa kinyonga, kwa sababu hayaachi ukoko wa chokaa kwenye majani. Ila acha mvua ya mwanzo ioshe bati kwanza, maana ndege na popo wamelitumia kiangazi kizima. Kisha yachemshe.

Uliye Marekani au Ulaya. Baadhi ya miji, hasa Marekani, hutumia kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia) badala ya klorini. Hiyo haitoki kwa kuyaacha maji wazi usiku kucha. Inahitaji kichujio cha mkaa, au dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, mradi kibandiko kiseme kwamba inaondoa na kloramini. Uliza mamlaka ya maji ya mji wako wanatumia ipi.

*Umefaulu ukiweza kujibu:* maji yangu yanatoka wapi, yamekaa wapi, na yana nini kisichoondoka kwa moto?

## Hatua ya 2: Yatayarishe

Kama ni maji unayokunywa wewe mwenyewe bila shaka, yanamfaa na mnyama. Hicho ndicho kipimo changu. Kama wewe huyanywi mpaka yachemshwe, na yeye asiyanywe mpaka yachemshwe.

1. Yakiwa na matope, yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa.
2. Chemsha mpaka yatokote kabisa, uyaache yatokote dakika 1. Ukiwa mahali palipo juu ya mita 2000, dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi.
3. Funika, yapoe yenyewe, kisha yatie kwenye ndoo yake.

Sababu ya kupendelea moto kuliko dawa ni kimelea kiitwacho kriptosporidiamu. Hicho huvumilia klorini, lakini hakivumilii kutokota. Na nyoka au mjusi akikipata kile cha aina yake, tiba ni ngumu mno.

Ukitumia dawa ya kutibu maji kama WaterGuard, fuata kipimo cha kwenye chupa na usubiri muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni dakika 30. Usizidishe "kwa usalama". Harufu ikiwa kali, yaache maji kwenye chombo cha mdomo mpana hadi kesho yake, ukifunika kwa kitambaa chepesi ili mbu wasitage humo.

Onyo: usimpe maji ya moto wala ya barafu. Joto la mwili wa mtambaazi hufuata mazingira yake. Maji ya joto la chumba yanatosha.

## Hatua ya 3: Chagua chombo

Chatu anahitaji bakuli zito lisilopinduka akilipitia kwa kifua. La kauri lililong'arishwa vizuri linafaa, na la chuma kisichoshika kutu linafaa pia likikaa ndani ya kitu kizito. Liwe na nafasi ya yeye kujikunja ndani, kwa sababu wakati wa kujivua gamba wengi hupenda kujilowesha.

Kobe hataki bakuli la kina. Kobe wa nchi kavu hajui kuogelea, na mdogo akipinduka mgongo chini kwenye maji ya sentimita chache hufa. Mpe kisahani chenye ukingo mfupi unaopandika, kisha kizamishe kidogo kwenye udongo ili ukingo uwe sawa na ardhi.

Epuka ndoo na karai za bati lililopakwa zinki, vyombo vya udongo vyenye rangi ya kung'aa ambayo hujui imetengenezwa kwa nini (nyingine zina risasi), na chungu kisichong'arishwa. Chungu hutupozea sisi maji vizuri kwa sababu kina vitundu vidogo. Kwa reptilia vitundu hivyo ni makazi ya bakteria ambayo brashi haiyafikii.

## Hatua ya 4: Liweke mahali pake, kwa kina chake

Weka bakuli upande wa baridi wa kizimba, mbali na taa au mkeka wa joto. Likiwa kwenye joto, maji huvukiza haraka, unyevu hupanda, na bakteria huzaliana. Unyevu uliopita kiasi humletea chatu malengelenge ya magamba ya tumboni na maradhi ya mapafu.

Jaza bakuli la chatu nusu tu. Akiingia mzima, maji hupanda. Likiwa limejaa pomoni, humwagika kwenye matandiko na kizimba kinakuwa kinamasi.

Kisahani cha kobe, maji yasipite usawa wa kidevu chake akiwa amesimama kawaida.

Usishangae kama humwoni chatu akinywa. Wengi hunywa usiku. Hanywi kwa ulimi. Ulimi ni wa kunusia. Huzamisha ncha ya mdomo na kutulia, ukiangalia kwa makini utaona taya na koo vikisogea taratibu. Ukitaka uhakika, weka alama ya penseli nje ya bakuli kwenye usawa wa maji jioni, uitazame asubuhi. Weka na bakuli jingine kama hilo nje ya kizimba, ili ujue ni kiasi gani kimevukizwa tu na hewa.

Onyo: usimkamate nyoka ukamtilia maji mdomoni kwa bomba la sindano. Tundu lake la hewa liko mbele, kwenye sakafu ya mdomo. Maji yakiingia humo yanaenda mapafuni.

## Hatua ya 5: Kinyonga hanywi bakulini

Nimeitenga hatua hii kwa sababu ndiyo inayoua wanyama wengi kuliko zote. Kinyonga kwa kawaida haoni maji yaliyotulia kama kitu cha kunywa. Kwao, kwa mfano yule wa pembe tatu wa milima ya Kenya, maji ni umande na ukungu uliogeuka matone kwenye majani. Anachokitambua ni tone linalong'aa na kutikisika. Unaweza kumwekea bakuli la dhahabu na akafa kwa kiu juu yake.

Fanya hivi:

1. Weka kwenye kizimba mimea hai isiyo na sumu na yenye majani yanayoshika matone.
2. Asubuhi mapema, kabla joto halijapanda, pulizia majani kwa dakika 2 au zaidi. Usiishie sekunde kumi. Mara nyingi dakika ya kwanza hutulia tu, akitazama. Kulamba huanza baadaye. Rudia jioni.
3. Toboa kopo la plastiki kwa sindano kwenye kitako, lijaze, liweke juu ya paa la kizimba ili lidondoshe tone moja kila sekunde moja au mbili juu ya majani. Liache dakika 20 au zaidi.
4. Chini weka trei ya kukinga maji, na uimwage. Asiyalambe yale ya chini.

Pulizia majani, usimpulizie usoni. Na kati ya awamu moja na nyingine kizimba lazima kikauke; kwa hiyo cha wavu ni bora kuliko cha kioo. Kuta zikilowa mchana kutwa, utakuwa umemkinga na kiu ukamtia nimonia.

Mijusi wengi wadogo hulamba matone kama yeye, hivyo wapulizie hata kama bakuli lipo.

*Umefaulu ukiona:* analamba majani kwa utulivu, macho yamejaa na yanazunguka, na kile kitu kizito kwenye choo chake (taka ya mkojo) ni cheupe, si cha rangi ya chungwa.

## Hatua ya 6: Mwogeshe kobe ili anywe

Kobe mdogo hukauka haraka kuliko mkubwa, na kisahani peke yake mara nyingi hakimtoshi. Andaa beseni lenye maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, kina kisichopita kidevu. Mweke dakika 15 hadi 20. Kwa kifaranga fanya hivyo mara kadhaa kwa wiki. Kwa mkubwa, mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi inatosha ikiwa kisahani chake kiko safi.

Ataingiza kichwa majini, koo litapanda na kushuka, na anaweza kunywa muda mrefu bila kuinua kichwa. Kisha huenda akajisaidia humohumo. Mtoe mara moja na umwage, asije akanywa tena. Kobe huweka akiba ya maji kwenye kibofu, na akishtuliwa huimwaga yote. Kwa hiyo mwinue taratibu, kwa mikono miwili, hasa nyakati za ukame.

Usiondoke. Simu ikilia, iache.

## Hatua ya 7: Badilisha kila siku, osha kweli

Pitisha kidole ndani ya bakuli lililokaa siku mbili. Utaona utelezi. Huo ni utando wa bakteria walioshikamana na ukuta wa chombo, na kumwaga maji na kujaza mapya hakuuondoi. Maji mapya huchafuka baada ya saa chache. Miongoni mwa bakteria wa maji yaliyotuama wamo wanaosababisha vidonda vya mdomo kwa nyoka. Wafugaji wanaobadilisha maji kila siku na bado nyoka wao wanaugua, mara nyingi hawajawahi kusugua.

Kila siku: toa bakuli, mwaga maji chooni, sugua kwa sabuni na brashi, suuza. Weka lile la pili lililokauka. Akijisaidia humo, badilisha saa ileile.

Kila wiki: baada ya sabuni na kusuuza, loweka bakuli dakika 10 kwenye mchanganyiko wa jiki mililita 30 kwa lita 1 ya maji. Suuza mpaka harufu iishe kabisa, kausha juani. Sabuni lazima itangulie, kwa sababu jiki hupotezea nguvu kwenye uchafu.

Ukoko mweupe wa chokaa utoe kwa siki, siku tofauti na ya jiki.

Maonyo matatu:

Usichanganye jiki na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Hutoa gesi ya sumu kwako kabla ya kumfikia mnyama.

Usitumie dawa za usafi zenye fenoli wala zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa. Reptilia huumizwa na mabaki yake.

Usioshee jikoni. Reptilia wenye afya kabisa hubeba salmonela tumboni, na maji yao huibeba pia. Marekani ilipiga marufuku tangu 1975 kuuza kobe wenye gamba fupi kuliko takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Nawa mikono kwa sabuni kila mara, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiguse bakuli hilo.

Faida nyingine kwa nchi zetu: mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivi, na huchukua takriban wiki moja hadi kufikia kuruka. Bakuli linalosuguliwa kila siku halimpi nafasi.

## Hatua ya 8: Soma mwili wa mnyama

Mpime uzito kila wiki, saa ileile, uandike. Gramu zinazoshuka hukuambia mapema kuliko macho.

Gamba. Chatu mwenye maji ya kutosha hulivua zima, kama soksi iliyopinduliwa. Likitoka vipande, au kigamba kinachofunika jicho kikibaki, alikosa unyevu. Macho yakianza kuwa ya rangi ya maziwa, ongeza unyevu kwa siku hizo na uhakikishe bakuli ni safi. Usibandue kigamba cha jicho kwa kucha.

Choo. Reptilia wa nchi kavu hutoa taka ya mkojo kama chokaa nyeupe laini. Ikiwa ya njano au ya chungwa, au ngumu kama mchanga, anakosa maji. Hali hiyo ikiendelea, tindikali iliyomo kwenye taka hiyo hujikusanya kwenye figo na viungo, naye hupata jongo kama binadamu.

Ngozi na macho. Mikunjo isiyonyooka ubavuni, macho yaliyozama, mate yanayonata: zote ni dalili za kukosa maji.

Kukaa majini kutwa nzima. Wafugaji wengi hufurahi, wakidhani nyoka anapenda kuoga. Pima joto la kizimba kwanza, huenda anajipoza. Kisha tazama chini ya bakuli jeupe: vijidoti vyeusi vilivyozama ni utitiri, na nyoka anajaribu kuwazamisha.

## Lini umpeleke kwa daktari

Usisubiri ikiwa macho yamezama na hanywi hata baada ya kuoga maji ya vuguvugu siku mbili mfululizo, ikiwa anapumua mdomo wazi au puani kuna mapovu, ikiwa mdomoni kuna usaha, au ikiwa kobe hawezi kuinua kichwa. Mnyama aliyekauka kiasi hicho huhitaji maji kwa njia ambayo daktari wa mifugo peke yake ndiye aijuaye, na usijaribu kumlisha kwanza; tumbo lililokauka haliwezi kusaga chakula.

Beba daftari la uzito, choo chake cha mwisho kwenye mfuko safi, na chupa ndogo ya yale maji anayokunywa, uliyoyateka bakulini kwake. Mweleze daktari na chanzo chake: bomba, kisima, boza au mvua.